Leza Iliyosingiziwa: Kisa cha Kipima-Methani cha Busia

Kifaa kilisema gesi inavuja. Povu la sabuni likasema haivuji.

Shule ni ya bweni, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, na jiko lake linawaka kwa gesi ya samadi. Mtambo ni kuba la matofali lililofukiwa ardhini. Hulishwa kinyesi cha ng'ombe na makombo, na bomba hupeleka gesi hadi jikoni. Wapishi walikuwa wakilalamika kwamba moto unanyong'onyea kabla posho haijaiva. Karakana yetu ya Kampala, inayotengeneza na kuunda vifaa vya maabara, ikapeleka kipima-methani cha leza tulichokiunda sisi wenyewe. Kilipowekwa juu ya kuba, namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na kupanda kwake hakukufuata upepo wala bomba. Tukapaka povu la sabuni kila sehemu ya kuba tuliyoweza kuifikia na kwenye vali kuu. Hakuna kilichotoa mapovu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kuulizia mafundi wa kufukua. Kufukua kuba si jambo dogo: ni kumwaga gesi yote hewani, kuwarudisha wapishi kwenye kuni na moshi, kulipa mwashi, kisha kungoja vijidudu vya ndani ya mtambo vishike kazi upya. Kwa hiyo swali letu halikuwa la udadisi wa maabara. Namba zile zilikuwa zinakaribia kuvunja kitu kizima.

Timu ilikuwa na mwanafunzi wa uzamili kutoka Arua, fundi wa kike wa vifaa vya elektroniki kutoka Tororo, mimi, na mzee aliyestaafu jeshini katika kitengo cha mawasiliano, ambaye sote tunamwita Afande. Kila mmoja ana lugha ya kwao, kazi tunaifanya kwa Kiswahili. Na maoni ya kwanza ya timu, karibu kwa sauti moja, yalikuwa haya: leza ni ya bei nafuu, ina kelele, tuagize nyingine bora. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini agizo lile lingekuwa fedha iliyotupwa.

Tulichokuwa tunapima

Methani humeza mwanga wa infraredi kwenye mistari myembamba sana ya urefu wa wimbi. Mmoja wa mistari inayotumika zaidi uko nanomita 1653.7. Leza ndogo ya semikondakta ya aina ya DFB hutoa rangi moja tu, yaani urefu mmoja wa wimbi, na rangi hiyo unaisogeza utakavyo kwa joto na kwa mkondo wa umeme. Unaipitisha leza juu ya mstari, upande huu hadi ule; mwanga ukipungua katikati, hapo kuna methani.

Uzuri huo ndio udhaifu wake. Joto la leza likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, urefu wa wimbi husogea takriban nanomita 0.1, sawa na gigahezi 11 hivi. Upana wote wa mstari wa methani katika hewa ya kawaida ni kama gigahezi 5. Nyuzi moja tu ya joto inatosha kuitoa leza nje ya mstari kabisa. Ndiyo maana ndani ya pakiti ya leza kuna themista (kipima-joto kidogo) na kipozaji cha Peltier (kibamba cha umeme kinachopoza au kupasha), na saketi inayoshika joto kwa usahihi wa sehemu ya mia ya nyuzi.

Sasa tazama ukubwa wa kitu tunachokitafuta. Methani ya sehemu 1 kwa milioni, mwanga ukisafiri mita 1 ndani yake, humeza takriban sehemu 4 tu za mwanga kwa kila laki moja. Hewa tunayovuta tayari ina karibu sehemu 2 kwa milioni. Uvujaji unaoifikisha hewa ya juu ya ardhi kwenye sehemu 100 kwa milioni hupunguza mwanga kwa sehemu 4 kwa elfu. Kifaa chetu kilikuwa kinayumba kwa karibu asilimia 1 bila sababu. Asilimia 1 ya mwanga ni sawa na kudai kuna sehemu 250 kwa milioni za methani mahali ambapo huenda hakuna hata kidogo. Mwalimu mkuu alikuwa na haki ya kushtuka.

Hesabu kabla ya bisibisi

Kabla ya kufungua sanduku, nilimwomba mwanafunzi afanye hesabu moja: leza yenyewe, ikiwa peke yake na imetunzwa vizuri, inapaswa kuwa na kelele kiasi gani?

Kuna sakafu isiyovukika. Mwanga huja kwa chembe, na chembe hufika bila mpangilio. Miliwati 1 ya mwanga huu ikiangukia fotodiodi ya kufaa, yaani kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, hutoa takriban miliampea 1. Ukipima kwa upana wa kilohezi 1, kelele ya chembe hizo haifiki hata sehemu 1 kwa milioni ya ishara. Juu ya sakafu hiyo kuna kelele ya leza yenyewe, inayotokana na mwanga unaojitokeza ovyo ndani ya semikondakta bila kufuata wimbi kuu. Kwa leza za DFB kelele hiyo huwa karibu desibeli 150 chini ya ishara kwa kila hezi, na kwa upana uleule wa kilohezi 1 ni kama sehemu 1 kwa milioni. Kweli, katika masafa ya chini kelele hupanda, na tutarudi hapo. Lakini asilimia 1 ni mara elfu kumi ya kiasi hicho.

Nasisitiza hesabu hii kuliko jambo lingine lolote katika kisa hiki. Bila hiyo, mtu anaishia kubadilisha vipuri kwa bahati nasibu, akianza na kile cha bei kubwa zaidi. Kwa karakana kama zetu, ambako leza moja huagizwa ng'ambo na kusubiriwa kwa wiki nyingi, bahati nasibu hiyo hatuimudu. Tofauti ya mara elfu kumi inakuambia kelele inatoka nje ya leza na kuingizwa ndani yake, au inazaliwa njiani baada ya mwanga kutoka. Leza mpya ingeingia kwenye matatizo yaleyale siku ya kwanza.

Umeme wa ukutani

Jaribio la kwanza ni rahisi: ziba mwanga kwa kadibodi. Kelele ikibaki, mwenye kosa ni fotodiodi na kikuzaji chake. Kelele yetu ilianguka karibu yote. Kwa hiyo ilikuwa inakuja pamoja na mwanga.

Kwenye skrini ya osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, fundi wetu aliona mara moja wimbi la hezi 100. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, na ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kwa adapta dhaifu, mabaki yake hujitokeza mara 100 kwa sekunde. Katika leza ya aina hii miliampea 1 ya ziada husogeza rangi kwa takriban gigahezi 1, yaani sehemu ya tano ya upana wa mstari wa methani. Mkondo ukitikisika, mwangaza unatikisika na rangi nayo inatikisika.

Tuliondoa adapta, tukaweka betri ya volti 12, tukachomoa chaja ya laptop na kuacha laptop itumie betri yake. Athi zote, yaani nyaya za kwenda ardhini, tukazifunga mahali pamoja badala ya kuziacha zizungukezunguke. Wimbi la hezi 100 likatoweka. Baadaye fundi aliunda upya saketi ya kuendesha mkondo kwa kufuata mpango ambao wanafizikia Kenneth Libbrecht na John Hall waliuchapisha mwaka 1993, ambao mafundi wengi wa leza bado wanauegemea. Moyo wake ni rejea ya volti iliyotulia, rezista ya kupimia mkondo isiyobadilika kwa joto, na uchujaji mkubwa kabla ya leza. Hall huyo ndiye aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2005. Hakuna kipuri cha ajabu humo. Kinachotakiwa ni uangalifu wa kulehemu na kuchagua rezista nzuri.

Namba, hata hivyo, ziliendelea kuyumba.

Konekta ya bluu

Tulipokuwa tumeinamia meza, mwanafunzi alisema, "Afande, ukikohoa namba zinaruka."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akagonga kamba ya fiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga wa leza, kwa kidole. Zikaruka tena. "Basi si leza, mwanangu," akasema. "Kuna kitu kinatikisika, na mwanga unarudi kutoka hapo."

Alikuwa sahihi. Leza ilikuja na mkia wa fiba wenye konekta ya kijani. Mkia ulikuwa mfupi, na mtu mmoja wa timu alikuwa ameurefusha kwa kamba ya fiba ya mafundi wa intaneti, ya aina inayopatikana kirahisi mjini Kampala. Kamba hiyo ilikuwa na konekta ya bluu. Mwanga ulipita, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Rangi hizo si pambo. Konekta ya kijani imekatwa mshazari kwa nyuzi 8, ili mwanga unaoakisiwa kwenye uso wake utoke nje ya kiini cha fiba na kupotea. Ya bluu imenyooka. Kila moja ikiunganishwa na mwenzake, mwanga unaorudi ni kidogo sana. Kwa ya kijani ni sehemu 1 kwa milioni au chini ya hapo. Ukiunganisha kijani na bluu, nyuso hazigusani sawasawa na pengo la hewa linabaki katikati. Uso ulionyooka unaotazama hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga moja kwa moja kwenye kiini, na kiini kinaupeleka hadi mdomoni mwa leza.

Kwa nini leza ya semikondakta iumizwe na mwanga wake mwenyewe? Kwanza, ni fupi mno. Chumba chake cha mwanga ni sehemu ya milimita, na mwanga hukaa humo kwa muda mfupi sana kabla ya kutoka, kwa hiyo ugeni wowote unaoingia unasikika papo hapo. Pili, ndani ya semikondakta idadi ya chaji ikibadilika, kasi ya mwanga ndani ya maada nayo hubadilika. Kwa hiyo mtikisiko wa nguvu hugeuka kuwa mtikisiko wa rangi. Mwanafizikia Charles Henry alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1982, na likafumbua kwa nini rangi ya leza hizi ni pana kuliko nadharia ya zamani ilivyotabiri. Mwaka 1986 watafiti Tkach na Chraplyvy walipanga madaraja ya mwanga unaorudi: kidogo sana hubana au hupanua rangi kulingana na umbali wa uso unaourudisha, zaidi ya hapo leza huanza kurukaruka, na ukizidi tena rangi husambaratika kutoka megahezi hadi makumi ya gigahezi. Leza yetu haikuwa na kizuizi cha mwanga unaorudi ndani ya pakiti. Kwa asilimia 4, tulikuwa tumeiweka kwenye vurugu kamili.

Tiba ilikuwa kamba ya kijani pande zote mbili na kusafisha nyuso kwa karatasi isiyoacha nyuzi na spiriti safi. Vumbi jekundu la barabara zetu huingia kila mahali. Chembe moja juu ya kiini inatosha kuharibu kazi. Tangu siku hiyo konekta zetu hazikai wazi bila kofia.

Mruko ukaisha. Ukigonga fiba, mstari wa osiloskopu hautikisiki. Hapo wengi wangefunga sanduku na kurudi Busia. Tuliliacha juani kwenye uwanja wa karakana, na namba zikaanza kupanda na kushuka polepole, kama pale kwenye kuba.

Methani inayojirudia mara tisa

Huu ndio ulikuwa msumbufu mkubwa, kwa sababu haukuonekana kama kelele. Kelele ya ukutani ina masafa yake, ya konekta ina vurugu zake, lakini hii ilikuwa tulivu na laini, na yenye umbo la mstari wa methani hasa. Ni rahisi mno kuiamini.

Tulifanya hivi: badala ya kuipitisha leza juu ya mstari mmoja, tuliisogeza mbali kwa kubadilisha joto lake kwa nyuzi 4, yaani takriban gigahezi 44. Kwenye karatasi ya matokeo yakatokea mabonde tisa, yaliyopishana kwa nafasi sawa. Katika eneo lile methani ina mstari mmoja mkubwa. Haiwezi kujirudia mara tisa kwa hatua zilizolingana hivyo. Kitu kinachojirudia kwa hatua sawa ni mwanga unaoakisiwa kati ya nyuso mbili zinazotazamana.

Kioo kisichopakwa utando wa kuzuia mwanga kuakisiwa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Nyuso mbili zikiwa sambamba, mwanga unaorudi na kwenda tena hukutana na ule wa kwanza. Rangi ikisogea, mikutano hiyo huongeza na kupunguza mwanga kwa zamu. Kama nyuso zote mbili hazina utando, tofauti ya kilele na bonde inaweza kufika asilimia 15. Sisi tulikuwa na lenzi yenye utando na dirisha la sanduku lisilo nao, ndiyo maana tuliona karibu asilimia 1.

Na nafasi kati ya mabonde inamtaja mkosaji. Gawanya kasi ya mwanga kwa mara mbili ya umbali wa nyuso hizo, unapata nafasi hiyo kwa hezi. Yetu ilikuwa gigahezi 5, na umbali unaoleta jibu hilo hewani ni sentimita 3. Fundi alichukua rula, akapima kutoka lenzi hadi dirisha. Sentimita 3. Tulishangilia, sitaficha, maana ni nadra kosa likutajie anwani yake.

Ubaya wa sentimita 3 ni kwamba gigahezi 5 ndio upana wa mstari wa methani. Kama dirisha lingekuwa mara kumi mbali zaidi, mawimbi yangekuwa membamba na tungeyatambua au kuyachuja. Mtu aliyechagua kipimo cha sanduku alichagua, bila kujua, umbali unaoiga methani vizuri kuliko wowote.

Hata kupanda na kushuka kwa Busia kukaeleweka. Sanduku ni la alumini. Alumini hutanuka kidogo kwa joto, na kwa sentimita 3, kila nyuzi 1.2 za joto huongeza umbali kwa nusu ya urefu wa wimbi. Nusu hiyo inatosha kupitisha bonde zima. Wingu likifunika jua, sanduku linapoa, "methani" inapungua. Jua likitoka, inarudi. Kumbe tulikuwa tunapima mawingu.

Tuliinamisha dirisha kwa nyuzi 5. Mwanga unaorudi hupinda kwa mara mbili ya hapo, nyuzi 10, na baada ya sentimita 3 unakuwa umehama kwa milimita 5, nje ya lenzi. Fundi wa kulehemu wa Katwe alitukatia fremu ya mshazari kwa bei ya chakula cha mchana. Afande aliongeza wazo ambalo mwanzoni nililipinga: kufunga kwenye fremu ile injini ndogo ya kutetemesha simu. Kioo kikitetemeka kwa zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, mabonde yaliyobaki hukimbia mbele na nyuma na kufutana wakati wa kuchukua wastani. Ilifanya kazi, na sasa naitetea.

Hatua ya mwisho ilihusu ile kelele ya masafa ya chini. Badala ya kupima mwanga moja kwa moja, tuliutikisa mkondo wa leza kwa kilohezi kadhaa na kusikiliza ishara kwenye mara mbili ya masafa hayo. Mstari wa methani huitikia hapo, huku mabadiliko ya polepole ya mwangaza yakibaki nyuma. Yumbo la asilimia 1 lilishuka hadi sehemu chache kwa laki moja, na leza ni ileile.

Kurudi shuleni

Juu ya kuba kifaa kilionyesha hewa ya kawaida, jua likitoka au likifichwa. Tukatembea nacho kufuata bomba kuelekea jikoni. Karibu nusu ya njia, pale ambapo gari la kuni lilikuwa likikata kona enzi za kuni, namba zilipanda na zikabaki juu kila tulipopita. Povu la sabuni lisingefika hapo. Bomba lilikuwa limefukiwa. Wavulana wawili wa kidato cha tatu walichimba kwa jembe, kiungo kikaonekana kimepasuka, na povu likachemka juu yake. Kwa kiungo kimoja kilicho wazi sabuni inatosha na sitamshauri mtu anunue leza. Thamani ya leza ilikuwa kuonyesha pa kuchimba.

Kifaa kijacho kitakuwa na dirisha lenye umbo la kabari ili nyuso zake mbili zisiwe sambamba kamwe, na kizuizi cha mwanga unaorudi mbele ya leza. Umbali kati ya vioo tutauchagua kwa hesabu kabla ya kukata alumini. Mwalimu mkuu ameomba njia nzima ya bomba ipimwe tena mvua zikiisha, kwa kuwa udongo wa pale hutitia.